Mlo wa mchana wa bei moja katika mgahawa wa Kifaransa wa hadhi ya juu: una nini cha kutufunza sisi wa Bagamoyo?

Mpishi wa Pwani (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mgahawa wa Kifaransa wa hadhi ya juu ukitajwa hapa kwetu, wengi hufikiria chakula cha usiku, orodha ndefu yenye majina magumu, na bili inayolingana na mshahara wa mwezi. Nimefanya kazi jikoni chini ya mpishi Mfaransa, na nimepata bahati ya kula katika nyumba ya namna hiyo mjini Lyon. Msimamo wangu ni kwamba anayetaka kuujua upishi huo aende mchana, siku ya kazi, na aagize mlo wa bei moja. Nauleta uzi huu kwa sababu naamini utaratibu wa mlo huo unaweza kuwafaa wenye migahawa wa Bagamoyo kuliko jambo lingine lolote tunaloweza kujifunza kwa Wafaransa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Jiko ndilo linaloamua litapika nini, na mteja hupewa kianzio, mlo mkuu na kitindamlo kwa bei moja iliyotangazwa, huku kila hatua ikiwa na chaguo moja au mawili tu. Nyumba nyingi hutoa pia njia fupi ya hatua mbili, yaani kianzio na mlo mkuu, au mlo mkuu na kitindamlo, kwa ajili ya anayewahi kurudi kazini. Orodha na bei huonyeshwa nje ya mlango, kama sheria ya Ufaransa inavyotaka, na bei hiyo tayari ina kodi na huduma ndani yake, kwa hiyo bakshishi ni hiari ya mteja. Mkate haulipiwi, wala maji ya bomba yanayoletwa katika jagi. Wageni hutarajiwa kufika kati ya saa sita mchana na saa saba na nusu, na anayechelewa sana hukuta jiko limekwisha kufungwa. Katika nyumba zenye sifa kubwa, kwa kawaida mlo huu hautolewi mwishoni mwa juma wala siku za sikukuu.

Bei yake huwa chini sana kuliko ya usiku, na katika nyumba nyingi tofauti hiyo inaweza kufikia nusu. Hata hivyo jiko ni lile lile, mpishi mkuu ni yule yule, na vitambaa vya mezani ni vile vile. Nyota za Michelin, yaani alama za ubora za kitabu cha mwongozo wa migahawa cha Ufaransa, ambazo zilianza kutolewa mwaka 1926, hutolewa kwa kile kilichomo ndani ya sahani, na wakaguzi wake hula mchana kama wanavyokula usiku, hivyo hakuna mpishi mwenye akili anayethubutu kulegeza mkono mchana.

Mezani Lyon kililetwa kwanza kitu kidogo cha kutafuna ambacho hakikuwamo katika orodha, kama zawadi ya jiko. Kikafuata kianzio cha mboga za msimu, halafu samaki wa maji baridi mwenye mchuzi wa siagi. Mchuzi huo nimeupika mwenyewe mara nyingi, na ningependa niueleze. Vitunguu vidogo hukatwa vipande vyembamba mno, huchemshwa katika mvinyo mweupe na siki hadi sufuria ikaribie kukauka, kisha siagi baridi huingizwa kipande baada ya kipande huku mpishi akikoroga bila kuacha, na moto ukiwa mdogo kabisa. Moto ukizidi, siagi hukatika kama tui linavyokatika, na ni vigumu kuufanya mchuzi huo uwe kama ulivyokusudiwa. Mpishi yeyote wa pwani aliyewahi kusimamia sufuria ya samaki wa kupaka anao tayari mkono unaohitajika kwa kazi hiyo. Baada ya samaki ikaja jibini, kwa maana Wafaransa huila kabla ya kitamu, kisha kitindamlo, na kahawa ikaletwa peke yake baada ya kila kitu kuondolewa mezani.

Naomba tujadili: je, mlo wa namna hii unaweza kusimama hapa kwetu, kwa vyakula vyetu wenyewe?

Mwalimu wa Dunda

Dada Mpishi, nakushukuru kwa mada iliyoandikwa kwa utulivu. Nianze na historia, kwa sababu meza ya Kifaransa si ngeni Bagamoyo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walianzisha misheni yao hapa mwaka 1868, na mwaka 1871 Henry Morton Stanley, alipokuwa akiandaa msafara wake wa kumtafuta Livingstone, alialikwa kula nao. Katika masimulizi yake ya safari aliandika kwamba idadi ya vyakula vilivyoletwa ililingana na ile ya hoteli ya daraja la kwanza ya Paris, na akastaajabia kukuta shampeni na mvinyo wa Bordeaux na wa Burgundy katika pwani hii. Kwa hiyo karne moja na nusu iliyopita, umbali mfupi kutoka mahali tunapokunywa kahawa jioni, watu waliletewa supu, vianzio na nyama kwa mpangilio huo huo unaoueleza.

Hata hivyo, historia hiyo haikuwa ya karamu tu. Misheni ile ililea watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, na mashamba yaliyoilisha yalilimwa kwa mikono yao. Meza ya mapadre na wageni wao ilikuwa ya wachache. Hapo ndipo inapoanzia shaka yangu kuhusu pendekezo lako: je, utaratibu huu wa sahani moja moja, kila mtu na yake, hauvunji desturi ya sinia? Sisi hula pamoja, vyakula vyote vikiwa mbele yetu, na mgeni akija huongezewa nafasi. Naogopa kwamba tukiiga mpangilio wa Kifaransa tutapata sahani nzuri na kupoteza ukarimu.

Binti Mji Mkongwe

Nawasalimu wakubwa zangu. Swali langu ni la msingi kwa wengi wetu hapa. Dada ametaja mvinyo ndani ya mchuzi. Mwislamu aliyealikwa katika mgahawa kama huo, iwe Ufaransa au katika hoteli kubwa za Dar es Salaam zenye mpishi wa Kifaransa, atajuaje kilichomo ndani ya chakula? Nina ndugu anayetarajia kusafiri kwa masomo, na ningependa nimpe jibu la uhakika badala ya kumwambia ale saladi tu.

Mpishi wa Pwani (mleta uzi)

Nianze na mdogo wangu, kwa sababu swali lake lina madhara ya moja kwa moja kwa mtu.

Katika upishi wa Kifaransa mvinyo hauishii kwenye glasi. Nyama au samaki akishakaangwa, mpishi humwaga mvinyo kidogo ndani ya kikaango ili kubandua utamu ulioganda chini, na hapo ndipo mchuzi unapoanzia. Supu ya msingi ya mifupa ya samaki kwa kawaida hutiwa mvinyo mweupe. Supu nzito ya kamba hutiwa mvinyo na mara nyingi brandi pia. Vitindamlo vingine huloweshwa kwa ramu, na vingine hugandishwa kwa jelatini ambayo huenda imetokana na nguruwe. Vipande vidogo vya nyama ya nguruwe huwekwa hata katika vyakula vya mboga au dengu ambavyo jina lake halionyeshi hivyo. Wapo wanaosema kwamba kileo huisha kikichemka. Jambo hilo si kweli kwa ukamilifu, na hata lingekuwa kweli, uamuzi wa dini hautegemei mvuke peke yake.

Ndugu yako na ataje sharti lake wakati wa kuweka nafasi, asisubiri hadi atakapokaa mezani. Supu za msingi huanza kupikwa asubuhi au hata siku iliyotangulia, na saa sita mchana hakuna mpishi awezaye kuutoa mvinyo uliokwisha kuingia. Akiandika mapema kwamba hali nguruwe, kileo cha namna yoyote, wala nyama isiyochinjwa kwa taratibu za Kiislamu, nyumba nzuri itampangia samaki aliyepikwa kwa siagi na ndimu, mboga zilizopikwa peke yake, na kitindamlo cha matunda. Nimewahi kuandaa milo kama hiyo, na jiko linaloheshimu kazi yake haliuchukulii huo kuwa usumbufu. Asione haya kusema. Anayenyamaza mezani ndiye anayerudi nyumbani na njaa au na majuto.

Sasa nije kwako, mwalimu wangu. Nakubaliana nawe kabisa kuhusu mashamba ya misheni, na sitaki tuige meza ya wachache. Lakini huu mpangilio wa sahani kufuatana si wa asili hata kwa Wafaransa. Hadi kuingia karne ya 19, katika karamu zao viliwekwa mezani vyakula vingi kwa pamoja, kila aliyekaa akijichukulia kilicho karibu naye. Utaratibu wa kuleta chakula kimoja kwanza, kingine kikafuata, waliuita wa Kirusi, na uliwachukua miongo kadhaa kuuzoea. Walioupokea walisukumwa zaidi na jambo moja, nalo ni kwamba chakula kifike kingali cha moto. Ni haja ambayo hata mwenye sinia anaielewa.

Tena sisi wenyewe tunao mpangilio. Tazama futari: tende na maji huja kwanza, uji wenye pilipili manga hufuata, na baadaye ndipo huletwa magimbi, mihogo ya nazi na samaki. Hakuna anayeanza na samaki. Mwaka 2010 UNESCO ilipouweka mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ilitazama mambo kama hayo: watu kukaa pamoja, mpangilio wa mlo, na uchaguzi mzuri wa mazao ya mahali. Ukarimu haumo katika umbo la chombo. Mlo mkuu wa watu wanne unaweza kuletwa katika sinia moja katikati ya meza, na bado ukawa hatua ya pili ya mlo wa bei moja.

Mzee wa Mnadani

Wanangu, mimi ni mtu wa samaki, na nimesoma haya yote kwa makini. Binti yangu Mpishi anazungumza habari ya bei moja isiyobadilika. Pale mnadani ufukweni bei hubadilika kati ya jahazi la kwanza na la pili. Wakati wa kaskazi bahari ikitulia, changu na kolekole hupatikana hadi mtu akachagua. Kusi likivuma, vyombo vidogo havitoki, na nguru mmoja hugombewa na wanunuzi kutoka Dar es Salaam ambao wamekuja na magari yenye barafu. Mwenye mgahawa atatangazaje bei moja kwa mwezi mzima wakati hajui kesho atanunua kwa kiasi gani? Akipandisha bei, mteja atasema ametapeliwa. Asipopandisha, atafunga biashara.

Mpishi wa Pwani (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana. Umegusa kiini chenyewe cha jambo hili.

Mlo wa bei moja hutangaza bei, haumtangazi samaki. Wafaransa huandika tu kwamba ni samaki wa siku, na mpishi huamua sokoni asubuhi. Nguru akiwa ghali, siku hiyo hununuliwa kibua au dagaa wabichi, na ustadi wa mpishi ndio unaowapandisha hadhi. Mwenye orodha ndefu ameahidi nguru, kamba, pweza na kaa kila siku, hivyo analazimika kununua kwa bei yoyote au kuweka kwenye friza kitu ambacho huenda kisiagizwe wiki nzima. Mwenye mlo wa bei moja hakuahidi chochote isipokuwa kwamba kitakuwa kizuri na kibichi. Vyuo vya hoteli hufundisha kwamba gharama ya malighafi isizidi takriban theluthi moja ya bei ya sahani. Kwa orodha ndefu hesabu hiyo huvurugika kwa sababu ya vinavyotupwa, na kwa orodha fupi mtu anaweza kuisimamia kwa daftari na kalamu.

Kuna jambo la pili ambalo wageni wengi hawalioni. Nyumba ya Kifaransa inaweza kushusha bei ya mchana kwa sababu kodi ya jengo na mishahara vipo, wateja waje wasije, na meza iliyo tupu mchana haiwezi kuuzwa tena usiku. Zaidi ya hayo, mchana hutumia kwa heshima sehemu ambazo usiku haukuzihitaji. Mfano mzuri ni kamba. Usiku huchomwa mikia, mteja akalipa bei ya mikia. Vichwa na maganda hapa kwetu hutupiwa paka au humwagwa, na mimi nikiona huumia moyo, kwa maana utamu mwingi wa kamba umo humo.

Vichwa hivyo hukaangwa kwa mafuta kidogo hadi vigeuke rangi na jiko zima linukie. Huongezwa kitunguu, karoti na nyanya, vikapondwa kwa mwiko mzito humo humo sufuriani, vikatiwa maji na kuchemka taratibu kwa muda wa nusu saa hivi. Kisha supu huchujwa na vichwa hukamuliwa hadi tone la mwisho. Mfaransa humalizia kwa krimu. Sisi tutaacha mvinyo na brandi, tutatia ndimu na pilipili manga, na kasimile iingie mwishoni moto ukiwa umepunguzwa. Bakuli moja dogo la supu hiyo, na kipande cha mkate wa kumimina pembeni, ni kianzio ambacho gharama yake ni ndogo mno, na sioni aibu kukipeleka mbele ya mgeni yeyote duniani.

Mpenda Safari, Dar es Salaam

Naomba kuchangia kama mteja. Sisi wa Dar es Salaam huja Bagamoyo Jumamosi na Jumapili, wakati ambao kwa maelezo yenu Wafaransa kwa kawaida hawatoi mlo huu. Katikati ya juma hoteli zenu huwa na watu wa warsha na semina, nao hulishwa bafe. Nani basi atakuwa mteja wa mlo wa bei moja?

Mpishi wa Pwani (mleta uzi)

Kaka, hao hao wa warsha. Nimehudumia bafe nyingi, na nasema kwa uchungu kwamba bafe ndiyo njia ghali kuliko zote ya kulisha watu vibaya. Vyakula hupikwa vingi ili meza ionekane imejaa, huanza kupoa kabla ya nusu ya watu kufika, na kinachobaki baada ya saa chache juu ya moto hafifu hakifai tena. Mtu hujaza wali, ndizi, makaroni na viazi katika sahani moja, samaki akalala juu yake, na hakuna ladha inayobaki na jina lake. Kundi la watu waliojulikana idadi tangu jana, wanaokula kwa muda wa saa moja na kurudi ukumbini, ni mteja ambaye mlo wa bei moja ulitengenezwa kwa ajili yake. Jiko linajua litapika sahani ngapi.

Kasi haitakuwa tatizo iwapo kazi itagawanywa. Auguste Escoffier, mpishi maarufu wa Kifaransa aliyeishi kati ya mwaka 1846 na 1935, aliyapanga majiko ya hoteli kubwa kwa vituo: mmoja michuzi, mwingine samaki, mwingine vyakula baridi, mwingine vitamu. Jiko la Bagamoyo lenye wapishi watatu haliwezi kuwa na vituo vyote hivyo, lakini linaweza kuwa na mtu mmoja kwa kila hatua ya mlo. Kianzio kiwe tayari kabla wageni hawajakaa, kitindamlo kiwe kimeandaliwa tangu asubuhi, na mikono yote iende kwenye mlo mkuu katika robo saa inayohusika.

Mwalimu wa Dunda

Hoja ya futari imenigusa, na ya bafe siwezi kuipinga, kwa kuwa nimehudhuria warsha za kutosha. Bado nasimama kwenye jambo moja. Ukiuza sahani ndogo kwa bei kubwa, mtu wa Magomeni hataingia mlangoni, na itakuwa meza ya wachache tena. Tuonyeshe basi mlo wenyewe ungekuwaje.

Mpishi wa Pwani (mleta uzi)

Mwalimu, hoja yako ni ya haki, na ndiyo sababu nasisitiza mchana.

Mlo ninaoufikiria kwa kipindi cha kaskazi ungeanza na ile supu ya vichwa vya kamba, au achari ya embe mbichi na pweza aliyepikwa taratibu hadi akalainika, kwa asiyependa supu. Mlo mkuu ungekuwa samaki wa siku: changu mzima wa kupaka akiwapo, kibua wa kuchoma asipokuwapo, pamoja na wali wa nazi na mchicha uliopikwa muda mfupi ili ubaki na rangi yake. Pawepo pia chaguo la boga au kunde za nazi kwa asiyekula samaki. Jibini tuwaachie wenyewe. Kitindamlo kiwe nanasi la Kiwangwa, ambalo halihitaji kufanywa lolote zaidi ya kukatwa likiwa limeiva sawasawa, labda na kipande cha mkate wa sinia wenye hiliki. Kahawa chungu ifuate baadaye, katika vikombe vidogo. Kusi likianza, supu ibaki, samaki abadilike, na nanasi lipishe matunda mengine.

Kiasi cha wali kiwe cha kushibisha, kwa sababu mtu wa hapa akitoka na njaa hatarudi. Pawepo na ile njia fupi ya hatua mbili kwa bei ya chini zaidi, ili mwalimu na mwenye duka waweze kuingia siku ya kazi. Wageni watakaotaka kamba wakubwa wa kuchoma waje usiku na walipe bei ya usiku, kwa maana mikia hiyo ndiyo itakayotuachia vichwa vya kesho. Bei ibandikwe nje mlangoni kila asubuhi, kwa shilingi, ikiwa na kodi na huduma ndani yake, pamoja na jina la samaki aliyenunuliwa mnadani siku hiyo.